Mtoto Akisema Inauma

Mama akiniletea mtoto wa kusuka, swali lake huja kabla hajaketi: nimpake mafuta gani nywele zikue? Namwambia mafuta tutayafikia, ila kwanza anijibu yeye: mara ya mwisho mtoto huyu aliposukwa, alilia? Wengi hushangaa. Alilia, wanasema, lakini si unawajua watoto, wote hulia. Mazungumzo yetu huanzia hapo, kwa sababu katika miaka yote niliyoshika vichwa vya watoto hapa Tanga sijaona mafuta yanayorudisha nywele upesi kama mikono mizito inavyoziondoa.

Ususi niliurithi kwa bibi yangu mzaa mama, aliyewasuka watoto wa mtaa mzima kwenye baraza la nyumba yetu Ngamiani, huko ambako barabara huitwa kwa namba. Vifaa vyake vilikuwa mkeka, chanuo la mbao lenye meno mapana, bakuli la maji na kichupa cha mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Alikuna nazi zilizokomaa, akakamua tui, akaliinjika kwenye moto mdogo mpaka maji yakakauka na mafuta yakajitenga. Sisi watoto tulikaa karibu na jiko kusubiri makapi ya kahawia yaliyobaki chini ya sufuria, tuyale na sukari.

Alianza na maji. Hakuna kichwa alichokichana kikavu. Alilowesha nywele, akazigawa mafungu manne, akafunga matatu, la nne akalibana karibu na ngozi kwa mkono wa kushoto ili mvuto uishie mkononi mwake usifike kwenye shina. Kisha akachana kuanzia ncha, akipanda kidogo kidogo. Fundo likigoma alilifungua kwa vidole. Mafuta yalikuja baada ya maji, kidogo tu, kwenye nywele zaidi kuliko kwenye ngozi. Ndipo akasuka, mara nyingi twende kilioni ya kawaida, mistari ya kurudi nyuma kwa nywele zenyewe bila kuongeza kitu.

Kila alipomaliza mstari alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa paji na juu ya sikio, pale nywele za mtoto zinapokuwa nyembamba kuliko mahali pengine popote. Akauliza, "Inauma?" Mtoto akisema ndiyo, alifumua mstari ule akaanza upya. Hakubishana naye. Wanawake waliopita barazani walimwambia, "Bi mkubwa, unawadekeza hawa. Mwanamke huvumilia." Naye alijibu huku mikono ikiendelea, "Kichwa ni chake. Mimi nitajuaje kama hakuniambia?"

Nilipokuwa mkubwa na kuanza kusoma mambo ya ngozi na nywele, na kuwauliza madaktari kila nilipopata nafasi, niliona kwamba utaratibu ule una sababu zake. Nywele zetu hutoka kwenye ngozi zikiwa zimejikunja, na kila kona ya mkunjo ni mahali pepesi kukatika. Mafuta ya asili ya ngozi, ambayo kwenye nywele za singa huteremka mpaka ncha, kwetu hukwama njiani. Ndiyo maana nywele za mtoto wa Kiafrika hukauka upesi, na ndiyo maana chanuo likipita kwenye nywele kavu utasikia ule mlio wa kukatika. Hata mafuta ya nazi yana ushahidi wake: mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walichapisha majaribio yaliyolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, yale yanayotokana na petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini katika nywele, kwa kuwa huingia ndani ya unywele wakati mengine yanabaki juu. Lakini tuelewane: mafuta hayo huzuia kukatika. Hayaoteshi kitu.

Kuota ni kazi ambayo mwili wa mtoto unaifanya tayari. Vishimo vya nywele vya kichwani, kama 100,000 hivi, huumbika mtoto akiwa bado tumboni, na baada ya kuzaliwa haviongezeki. Unywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, zetu pungufu kidogo ya hapo, kwa miaka kati ya 2 na 6, kisha hupumzika kama miezi 3, hudondoka, na mwingine huanza pale pale. Kwa hiyo mama anaponiambia nywele za mwanawe hazikui, namwomba tuangalie pamoja. Navuta kisokoto kimoja taratibu, kinanyooka mpaka mabegani, mama anacheka kwa mshangao. Au tunakuta ncha zimechanika na nywele za urefu tofauti tofauti, ishara kwamba zinakua vizuri tu, ila zinakatika kwa kasi ile ile. Hapo dawa ni kupunguza kukatika: kuchana kwa maji, kitambaa laini au cha satini cha kulalia badala ya foronya ya pamba inayonyonya unyevu, na kuacha kichwa kipumzike kati ya msuko na msuko.

Kwa watoto wachanga wasiwasi ni mwingine. Kunyoa siku ya 7, kama Waislamu wengi tufanyavyo katika akika, au kunyoa arobaini, ni ibada na mila, nami naziheshimu. Lakini wembe hauongezi vishimo, wala hauufanyi unywele uwe mnene. Zinazoota baadaye huonekana nzito kwa sababu wembe umekata ncha butu, na kwa sababu nywele za kwanza za mtoto zingebadilika hata bila kunyolewa. Na yule ambaye hakunyolewa, akipungukiwa nywele katika miezi ya mwanzo na kubaki na uwaraza kisogoni, hajapigwa na upepo wala jicho la mtu. Nywele alizozaliwa nazo zimepumzika kwa pamoja na zinadondoka, na kisogo kinasuguana na godoro. Zitarudi. Magamba ya manjano utosini nayo hayataki kubanduliwa kwa kucha: mafuta kidogo usiku, asubuhi kitambaa laini na maji vuguvugu, basi.

Ninachotaka kukisema kwa kirefu ni maumivu, kwa sababu ndiko watoto wetu wanakopoteza nywele huku tukiwasifu kwa ujasiri.

Mtoto wa mdogo wangu wa kike aliletwa kwetu likizo, akitokea Dar es Salaam, akiwa na miaka mitano. Alikuwa amesukwa rasta kwa ajili ya Idi, nyembamba, ndefu mpaka kiunoni. Kila aliyemwona alisema amependeza, na kweli alipendeza. Usiku nikamkuta amekaa kitandani, mgongo ukutani, kidevu kifuani. Nikamwuliza mbona halali. "Nikilaza kichwa kinawaka, mama mkubwa." Nikawasha taa. Ngozi ya paji ilikuwa imevutwa hadi nyusi zimepanda, na kwenye ukingo, juu ya masikio yote mawili, kulikuwa na vipele vidogo vyeupe, kimoja katika shina la kila rasta. Nilipoinyanyua rasta moja tu ili nione, alinishika mkono. "Usiguse."

Nikampigia simu mama yake. Akaniambia nimwache, atazoea, siku ya pili hulegea zenyewe, na isitoshe amelipa pesa nyingi. Nilimwelewa. Mwenyewe alikuwa amezoezwa hivyo hivyo, akaona ndiyo desturi ya kupendeza. Lakini nilichukua mkasi usiku ule, nikakata rasta chini kidogo ya nywele zake mwenyewe, nikaanza kufumua mstari wa mbele. Kwenye vidole vyangu vilibaki vifundo vya nywele zilizong'oka nzima, kila moja na kijipunje cheupe mwishoni. Kijipunje kile ndicho cha kukiangalia. Unywele uliokatika hauna, kwa sababu umekatikia njiani. Wenye kijipunje umetoka na shina lake. Nywele zinazodondoka kwa kawaida kila siku nazo huwa nacho, kwa hiyo chache zisikutie hofu, lakini zikitoka kwa mashada mahali pamoja, pale pale palipovutwa, sababu unaijua.

Nikamwosha kwa maji vuguvugu, nikamfunga kitambaa, akalala. Vipele vilikauka bila usaha. Vingetoa usaha, au tezi za nyuma ya shingo zingevimba, ningempeleka hospitali asubuhi. Kwenye ukingo alibaki na mapengo mawili, na ilichukua miezi mingi kabla ya vinywele vipya kujaa. Vilijaa kwa kuwa tuliwahi. Shina ni kama mche: ukiuvuta ukauacha, hushika tena, ila ukiuvuta kila mwezi kwa miaka, mahali pake hubaki kovu, na kwenye kovu hakuna mafuta ya nyonyo wala habat soda itakayootesha kitu. Wanawake wazima wenye paji lililopanda hadi katikati ya kichwa ninawaona kila wiki. Nikiwauliza ilianza lini, wengi hutaja utoto.

Afrika Kusini wamelihesabu jambo hili. Mwaka 2007 Profesa Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na wenzake walichapisha uchunguzi wa vichwa vya wanafunzi zaidi ya 1,000 wa mji huo. Kwa wasichana, karibu mmoja kati ya sita alikuwa ameshapoteza nywele kwa sababu ya kuvutwa. Miongoni mwa walioanza shule ilikuwa chini ya mmoja kati ya kumi, na miongoni mwa waliokuwa wakimaliza ilizidi mmoja kati ya watano. Yaani shida hupanda pamoja na umri, msuko juu ya msuko. Katika kazi zao zilizofuata walionyesha kwamba maumivu na vipele wakati wa kusuka huendana na upotevu huo, na kwamba hatari ni kubwa zaidi pale nywele zilizowekwa dawa ya kunyoosha zinaposukwa na kuvutwa. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka bibi na kidole chake gumba. Hakuwa na takwimu. Aliuliza tu, na jibu aliliamini.

Kuhusu dawa ya kunyoosha nywele sitakuwa na maneno mengi. Kichwa cha mtoto mdogo hakistahili kuwekewa, hata kama boksi lina picha ya mtoto anayecheka. Dawa hiyo hufanya kazi kwa kuvunja unywele ndani, na ikigusa ngozi huchoma. Mtoto hawezi kutulia, wala hawezi kupima kwamba sasa kuwasha kumegeuka kuungua. Inapobidi kumshikilia mtoto ili tumrembe, tumeshapita mpaka.

Kuna nyakati ambapo mkono wa msusi hauna la kufanya kabisa. Mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi, ni fangasi, na huwashika zaidi watoto wa umri wa kwenda chekechea na shule ya msingi. Unaona duara lenye magamba meupe, nywele zimekatika karibu na ngozi, pengine zimebaki vidoti vyeusi. Jirani yangu alimsugua mwanawe kwa limau na kitunguu saumu mpaka ngozi ikachubuka, kisha akanunua mirija ya krimu mmoja baada ya mwingine. Krimu haifiki, kwa kuwa fangasi huyu amejificha ndani ya unywele na shina lake. Mtoto anahitaji vidonge, kama griseofulvin au terbinafine, kwa wiki kadhaa, kwa kipimo anachopanga daktari kulingana na uzito wake. Griseofulvin huingia mwilini vizuri ikimezwa na maziwa au chakula chenye mafuta. Na asiache akiona kuwasha kumeisha. Huku kwetu kaskazini tuna bahati ya kuwa na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, na waliofunzwa pale wametawanyika katika hospitali nyingi, kwa hiyo ukifika hospitali ya mkoa uliza kliniki ya ngozi. Nyumbani, kila mtoto awe na chanuo lake na kofia yake, na kinyozi asafishe mashine kwa spiriti kabla ya kichwa kingine. Mwambie bila aibu. Kinyozi mzuri hakasiriki.

Na kuna chakula. Nilipokuwa msichana aliletwa barazani kwetu mtoto mdogo aliyekuwa ameachishwa ziwa si muda mrefu. Nywele zake zilikuwa za rangi ya kahawia iliyofifia, laini, zimenyooka kidogo. Watu wakazisifia: huyu ana nywele za Kizungu, huyu hatahitaji kuchanwa kwa nguvu. Bibi hakuzisifia. Alishika chache kwa vidole viwili, zikatoka bila kuvutwa. Akateremsha macho, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole, na pale palipobonyezwa pakabaki shimo. Akamwambia mama yake, "Mwanangu, huyu hasukwi leo. Nyanyuka nikusindikize Bombo." Wakaondoka jioni ile ile kwenda hospitali, mtoto akiwa mgongoni.

Ulikuwa utapiamlo wa kukosa protini, ule ambao Dk. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliueleza kwa madaktari wa dunia mwaka 1933 kutokana na watoto aliowatibu Gold Coast, Ghana ya leo. Nywele ni protini karibu tupu, na mwili ukipungukiwa huanza kubana matumizi huko kwanza, kabla ya moyo na ubongo. Kwa mtoto aliyepita katika njaa na shibe kwa zamu, unaweza kuona kwenye unywele mmoja mistari ya rangi hafifu na rangi nzito. Hata mwaka 2022 uchunguzi wa kitaifa ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kwa hiyo mama akiniuliza kuhusu nywele za mwanawe, nami humwuliza amekula nini jana. Yai, dagaa, maharage au kunde, mchicha wenye limau kidogo ili madini ya chuma yafyonzwe vizuri, chai apewe mbali na mlo kwa sababu huyazuia madini hayo. Dawa za minyoo zinapotolewa, apate. Na kama aliugua homa kali au malaria nzito, miezi miwili mitatu baadaye nywele zinaweza kudondoka nyingi kwa mara moja. Mama huhangaika kutafuta kosa la wiki hii, kumbe chanzo ni ile homa. Zitarudi zenyewe akila na akipumzika.

Watoto wengi wa shule zetu za serikali hukaa na nywele fupi kwa agizo la shule, na nimesikia wazazi wakisikitika kwamba shule imeziua nywele za mabinti zao. Hapana. Mimi huwapenda wasichana hawa wanaponijia wakimaliza shule na kuanza kufuga: ukingo wa paji umejaa, ngozi safi, haina alama. Nywele fupi ni afya. Kinachoumiza ni mengine, maneno tunayoyasema juu ya vichwa vyao. "Huyu nywele zake ngumu kama nini." "Huyu kipilipili, amemfuata baba yake." Mtoto yuko pale katikati ya magoti yetu, anasikia, na hana pa kukimbilia. Akikua, atazikabidhi nywele zake kwa yeyote anayeahidi kuzibadilisha, kwa dawa yoyote na kwa mvuto wowote. Kwenye kibaraza changu neno "ngumu" halisemwi mtoto akiwepo. Nikikuta fundo nasema ni fundo.

Sijamlaumu mama hata mmoja kwa kuniambia kaza. Najua anapiga hesabu gani. Msuko uliokazwa hukaa wiki tatu, nne. Uliolegea huvurugika baada ya siku chache, hasa mbele, na mtoto wa chekechea anayecheza mchangani hana habari na mistari yake. Kila kurudi kwa msusi ni pesa, ni nusu siku ya Jumamosi, ni nguo ambazo hazijafuliwa na genge ambalo halijafunguliwa. Anayekaza anajaribu kununua muda, na kichwa cha mtoto ndicho kinacholipa. Nikaona nikiwa na maneno tu sitamsaidia mtu. Nikabadilisha bei. Mtoto wa chini ya miaka saba kwangu hulipa pungufu, hasukwi rasta, na hakai kwenye kigoda changu mpaka achoke, tunagawa kazi, anainuka anacheza, anarudi. Msuko wenyewe haukai zaidi ya wiki mbili.

Juzijuzi alikuja mama mmoja anayeuza samaki katika soko la Deep Sea, na binti wa miaka minne. Nikamsuka, na nilipofika mstari wa mbele nikapitisha kidole, nikauliza. Mtoto akamwangalia mama yake kwanza. Nikamwambia, "Niambie mimi." Akasema inauma hapa, akaonyesha juu ya sikio. Nikafumua.

"Dada, sasa hizo zitafika Jumatatu kweli?" mama akauliza. "Mimi saa kumi na moja alfajiri niko mnadani, sina wa kumchana."

"Za nyuma zitafika. Za mbele zikivurugika niletee jioni yoyote ukitoka sokoni, mistari miwili ya mbele narudia bure."

"Kila wiki?"

"Kila wiki, mpaka aanze darasa la kwanza."

Akaridhia, na Alhamisi jioni akamleta.